Siku Mama Mukubwa Alipozisemesha Taa za Ukungu

Juzi nilimpelekea fundi simu yangu, hapa Lubumbashi ninapoishi sasa, kwa sababu ilikuwa imekataa kushika chaji. Kijana akagusisha chuma cha moto kwenye waya laini wa kulehemu, moshi mwembamba ukapanda, na ile harufu ikanifikia: tamu kidogo, chungu kidogo, kama utomvu wa mti ulioangukia motoni. Simu nikaisahau papo hapo. Nilikuwa Likasi, katika kiwanja chetu, mtaa wa Panda, mtoto wa miaka tisa aliyechuchumaa kando ya mbabula, jiko la makaa, nimefumba ngumi juu ya pete isiyo yangu, na siri moyoni niliyokuwa na hakika itaniua.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, maana habari hii sijawahi kuisimulia yote.

Tulikuwa na gari moja, jeupe, ambalo baba aliliita Bibi-arusi. Mama alikuwa akimcheka: bibi-arusi gani huyu aliyekwisha kuolewa na waume wanne kabla yetu? Lilikuja kupitia Zambia, usukani ukiwa upande wa kulia, kama magari mengi ya kwetu. Sasa, sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva wa gari kama lile anakaa karibu na majani, haoni vizuri kinachomjia, na wa kumwambia kama njia ni wazi ni yule anayekaa kushoto. Kushoto alikaa mama. Baba hakuweza kulipita lori bila mama kutoa kichwa dirishani na kusema "pita" au "ngoja". Walikuwa dereva mmoja mwenye vichwa viwili, na walifanya kazi hiyo bila kugombana, jambo ambalo nyumbani halikuwa la kila siku.

Kila Jumamosi alfajiri walikwenda ziwani Tshangalele kuchukua samaki ambao mama aliwauza sokoni. Ilibidi wafike mapema, kwa kuwa aliyefika jua limepanda alikuta mitumbwi mitupu na wavuvi wamelala. Lakini miezi ya baridi ukungu unatoka ziwani na kulala juu ya barabara, mzito, mweupe, hata bega lako mwenyewe unalitafuta. Na ndani ya ukungu huo wamo watu wa makala, yaani mkaa, wale wanaosukuma baiskeli zilizobeba magunia marefu kuliko wao, bila taa, bila kengele, wanatembea upande ule ule linakokwenda gari.

Kwa ajili yao baba alinunua taa za ukungu, mbili, za manjano, za kufunga chini ya bampa. Alizifunga mwenyewe. Nyaya zilizokuja na zile taa zilikuwa zimekatwa kwa gari lenye usukani wa kushoto, kwetu hazikufika. Baba akaziongezea kipande cha waya mwingine, akasokota, akazungushia shaterto, ile tepu nyeusi ya watu wa umeme, akapiga makofi na kusema kazi imekwisha. Na kweli, majira yale ya baridi zote mbili ziliwaka vizuri. Jioni baba alikuwa akizifuta kwa kitambaa kibichi, moja baada ya nyingine, kama anayewanawisha watoto mapacha kabla ya kwenda misa.

Mvua zikaja, zikaisha, baridi ikarudi. Taa zikakataa.

Jumamosi ya kwanza ya ukungu, Bibi-arusi alirudi nyumbani na ufa kwenye bampa, na nyuzi za gunia zimeng'ang'ania kwenye ufa huo, na vumbi jeusi la makala. Mwenye baiskeli hakuumia. Nimesema hakuumia, na mama pia alilisema mara nyingi siku ile, lakini aliposhuka garini alishindwa kufungua kitasa cha jikoni. Mimi ndiye niliyemfungulia.

"Minye bila antibrouillard, bila zile taa, sirudie tena ile njia," alimwambia baba.

"Na batoto batakula nini?" baba akamjibu, bila hasira.

Nami, mtoto, nilielewa vizuri kabisa: taa ziwake zisiwake, Jumamosi ijayo baba angekwenda, na mama angepanda, kwa sababu baba bila mama upande wa kushoto alikuwa kipofu wa jicho moja. Nilianza kuhesabu siku.

Wiki nzima baba alipigana na zile taa. Alibadilisha balbu. Alibadilisha fyuzi. Aliazima rele kwa jirani, lile sanduku dogo linalolia "tik" ukibonyeza swichi, na "tik" tukaisikia sote, lakini taa hazikuwaka. Akachukua testeri yake, akaigusisha kwenye mdomo wa waya pale taa inapochomekwa, na sindano yake ikapanda hadi volti kumi na mbili. "Courant iko! Minye naiona kwa macho!" Kwamba umeme upo, alilisema Jumatatu kwa furaha, Jumatano kwa mshangao, na Alhamisi kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Alhamisi hiyo hiyo ndipo alipotoka chini ya gari, akafuta paji la uso kwa mkono wenye grisi, akatutazama watoto wote wa kiwanja.

"Nani alishika motokari yangu?"

Nikaingia ndani kunywa maji.

Kwa maana mimi nililishika. Wakati wa mvua, siku moja baba akiosha injini, boneti likiwa wazi, nilichungulia nyuma ya taa kubwa ya kushoto, karibu na honi, nikaona shaterto imelegea na kuning'inia kama ganda la ndizi. Ndani yake kulikuwa na rangi ya kijani. Si kijani cha majani wala cha rangi ya duka. Kilikuwa kile kijani chetu, cha mawe tuliyookota kwenye vifusi vya mgodi, tukayalamba ili yang'ae na kuyapanga dirishani. Mtoto wa Likasi anajua rangi hiyo kabla ya kujua kuandika jina lake. Mwalimu alikuwa ametuambia: palipo na kijani, shaba ipo. Basi nikaamini kwamba gari letu, peke yake katika mtaa wote, limeanza kuota shaba yake lenyewe. Niliona fahari isiyo na kifani. Na kwa kuwa watoto wa jirani walikuwa wezi wakubwa wa mawe, nikachana ukanda kutoka gauni la mwanasesere wangu, lililoshonwa kwa kipande cha kikwembe cha mama, kitenge chenye maua ya manjano, nikafunga ile hazina yangu mafundo mawili. Mkono wangu ulipita pale ambapo wa baba usingepita. Sikumwambia mtu. Kila nilipopita karibu na gari nililitazama kwa jicho la tajiri.

Mpaka ile Alhamisi. Sikuelewa ni vipi kijani changu kingezima taa, lakini nililijua swali la baba linamhusu nani.

Ijumaa mchana mama alimwita dada yake mkubwa. Sisi tulimwita Mama Mukubwa, na mtaani walimjua kwa kazi yake: alikuwa akisuka upya mota zilizoungua, katika karakana moja hapo hapo Panda, mwanamke kati ya wanaume. Mota inaungua, nyaya zake zinaondolewa, yeye anaketi mbele yake na waya mpya wa shaba, anauzungusha mara mamia, akihesabu kwa midomo bila sauti, na ole wako umsalimie katikati. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa sikioni kwa uzi wa shaba, vidole vyembamba na vyepesi kiasi kwamba mimi nilivionea wivu. Wanaume wa karakana walisema akinusa mota anakuambia imeungua jana au juzi. Mimi niliamini hata zaidi ya hapo. Niliamini akininusa atajua.

Aliingia na sanduku lake la mbao begani. Baba alikuwa tayari amefungua boneti.

"Shemeji, minye nilibadirisha yote. Ampoule, fusible, relais..."

"Yambo kwanza, bwana ya mudogo yangu," akasema. "Unipe mayi. Motokari haikimbie."

Akapewa kiti na maji. Akanywa polepole, akauliza habari za kila mtu, hata za kuku. Kisha akavua pete yake ya ndoa, kwa kuwa mtu hagusi betri akiwa na pete, akatazama huku na huku, akaniita. Hilo alilifanya kila alipokuja: pete yake nilishika mimi. Siku nyingine zote nilijiona askari wa benki. Siku ile pete ilinichoma.

"Sasa uniambie," akamwambia baba, "ilianza namna gani?"

"Nimekuambia, nilibadirisha..."

"Sikukuuliza ulibadirisha nini. Ilianza namna gani?"

Na baba yangu, mtu wa maneno mengi na mikono mingi, akasimama mbele ya shemeji yake akasimulia tangu mwanzo, kwa utaratibu. Mwaka wa nyuma zilikuwa nyeupe karibu, hapana, manjano, kali. Mwisho wa mvua zilikuwa nyekundu kidogo, kama zina usingizi. Kisha basi. Zote mbili pamoja? Zote mbili pamoja. Mama Mukubwa akaitikia kwa kichwa kila neno. Nimewaona waganga wa hospitali wakisikiliza wagonjwa kwa haraka zaidi.

Baba akamwonyesha testeri, kumi na mbili, courant iko.

"Testeri yako inaramba tu," akasema Mama Mukubwa. "Haikunywe. Minye niko na yenye kukunywa."

Akatoa sandukuni balbu ndogo yenye nyaya mbili, mmoja mwishoni una sindano. Akaigusisha pale pale testeri iliposema kumi na mbili. Balbu ikabaki nyeusi. Baba akaitazama testeri yake.

"Unaona? Courant iko. Ila haipite. Kuko pahali inafika, inachoka."

Kisha akaanza, na mimi mpaka leo sijaona kazi nzuri kama ile. Hakufungua kitu, hakukata kitu. Kwanza akavuta waya kutoka betri hadi kwenye taa, upande wa chini, kuona kama kosa liko kwenye njia ya umeme kurudi betrini. Hapana. Akaiacha njia hiyo, hakuirudia tena. "Zimekufa zote mbili siku moja," akamweleza baba, "donc tunatafuta fil yenye inalisha zote mbili." Akaanza kuutafuta waya huo kwenye rele, akachoma sindano pale unapotoka: balbu ndogo ikawaka, kali. Akasogea kiganja kimoja, akachoma: ikawaka. Kiganja kingine: ikawaka. Kila tundu aliloacha alilipaka tone la vanishi ya kucha kutoka kichupa kidogo, maji yasiingie. Baba alimfuata nyuma akiwa amekunja mikono mgongoni kama mwanafunzi. Mjue kwamba hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

Akafika nyuma ya taa kubwa ya kushoto, karibu na honi. Akaingiza mkono mpaka kiwiko. Sindano ikaingia mahali tusipopaona, na ile balbu ndogo, aliyokuwa ameishika kwa mkono wa pili mbele yetu, ikawaka. Akasukuma mkono mbele kidogo. Balbu ikabaki nyeusi.

Alikaa hivyo, mkono ndani, uso umegeukia upande, anasikiliza kwa vidole. Akatoa mkasi wake mdogo wa karakana, akauingiza nao. Kisha akatoa mkono, akautia mfukoni mwa aproni, akauacha humo kidogo kama anayetafuta leso.

"Huko ndani kuko nini?" baba akauliza.

Mama Mukubwa alinitazama mimi, juu ya miwani.

"Mado, weye unachezaka hapa kila siku. Kichwa yako inapita kwenye ya baba haipite. Uliona nini hapa?"

Si "ulifanya nini". "Uliona nini". Nilimwona baba akigeuka. Nilimwona mama mlangoni, amefunga kikwembe chake cha maua ya manjano, kile kile, na nikawaza kesho alfajiri, kichwa chake nje ya dirisha, ndani ya weupe ule, akisema "pita". Nikasema. Nilisema kwa mkupuo mmoja, na machozi: kwamba niliona kijani ndani ya shaterto, kijani cha shaba, na sikumwambia mtu, kwa sababu nilifikiri gari letu linaota madini.

Kisha baba akacheka. Alicheka mpaka akaegemea boneti, na mama akacheka, na mimi nikalia zaidi kwa kuwa hakuna kinachouma kama kuchekwa ukiwa unakufa. Mama Mukubwa hakucheka. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mu jiwe, ile rangi ya majani njo mukuba, ile shaba, inaanza," akaniambia. "Mu fil, njo mukuba inaisha. Mayi inaikula. Ulisikia? Sasa unajua kupita bantu bengi mu hii mutaa."

Kuhusu ukanda wa kitambaa sikusema. Nilikuwa nimebakiwa na ujasiri wa nusu tu, na nusu hiyo niliimaliza. Nilingoja wautoe, wauone, wamwangalie mwanasesere wangu. Lakini walipoutoa ule waya, hapakuwa na kitambaa. Palikuwa na shaterto iliyooza na waya uliogeuka unga wa kijani, nyuzi mbili tatu tu zimeshikana, za kupandisha sindano ya testeri na si za kuwasha taa. Nikasema moyoni, kitambaa kimeanguka njiani zamani. Nikamshukuru Mungu, na nikaapa mambo mengi ambayo sikuyatimiza.

Umeme ulikuwa umekatika mtaani, ingawa maji ya ziwa lile lile tulilogombana nalo kwa ukungu wake ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Mwadingusha. Mama Mukubwa hakujali. Alitia makaa kwenye mbabula, akazika kichwa cha chuma chake cha kulehemu ndani ya moto. Akakata ule waya hadi alipokuta shaba nyekundu, nyekundu kama ndani ya shavu, akaunga kipande kipya, akasokota kwa vidole vya kusuka mota, kisha akagusisha chuma. Moshi ukapanda. Hiyo ndiyo harufu yangu. Akapaka grisi, akavika mpira, akazungusha shaterto mpya, kila mzunguko umelala nusu juu ya mwenzake. Mwisho akaulegeza waya ushuke kidogo chini ya kiungo kabla ya kupanda tena kwenye taa, ili maji yakija yadondokee pale chini na yasipande kwenye kiungo.

"Bonyeza," akamwambia baba.

Tik. Na ukuta wa kiwanja ukawa wa manjano, maduara mawili makubwa, kuku wamesimama katikati yake wamepigwa na butwaa. Baba aliruka. Kwa kweli aliruka, mtu mzima. Mama alikuja akasimama kwenye mwanga ule, akaweka mkono juu ya bega la dada yake. "Aksanti, Yaya," akasema; yaya kwetu ni dada mkubwa.

Mama Mukubwa akanyoosha kiganja kwangu. Nikamrudishia pete. Ilikuwa imeniachia alama mkononi.

Kesho yake waliondoka kabla ya mapambazuko. Nilikaa dirishani na mawe yangu hadi saa nne, na niliposikia honi ya Bibi-arusi nilitoka mbio. Mama alishuka na beseni la samaki, amechoka, ananuka ziwa. Kitasa cha jikoni alikifungua mwenyewe.

"Balikuwa batatu," aliniambia, kabla sijauliza. "Bantu ba makala, batatu mu mustari, mu katikati ya njia. Tuliwaona kutoka mbali."

Basi. Kwa miaka mingi habari yangu iliishia hapo, na kila nilipoisimulia niliimaliza na wale watu watatu, wazima, wakisukuma magunia yao ndani ya mwanga wa manjano.

Lakini mwaka jana Mama Mukubwa alinipa sanduku lake. Macho yamechoka, alisema, na karakana imekwisha kumsahau. Nimekuwa nalo Lubumbashi tangu hapo, nimeliweka juu ya kabati. Juzi, nilipotoka kwa fundi wa simu na ile harufu bado puani, nililishusha na kulifungua. Balbu yenye sindano ipo. Chuma cha kulehemu kipo. Chini kabisa kuna kopo dogo la peremende, na ndani ya kopo kuna ukanda wa kitambaa, mkavu, mgumu kama ngozi ya samaki, una kijani cha shaba kila mahali isipokuwa ndani ya mafundo. Ndani ya mafundo bado unaona maua ya manjano. Umekatwa kwa mkasi, sehemu moja, safi.

Niliketi chini. Mkono uliokaa mfukoni mwa aproni, niliuona tena. Aliupata kabla ya kuniuliza. Balbu ilikuwa imekwisha kumwonyesha waya ulipokatika, kitambaa kikamwonyesha nani alipita pale, na kile kitambaa, kilichonyonya maji mvua nzima na kuyashikilia juu ya shaba, ndicho kilichoumaliza ule waya. Kisha akakificha mbele ya baba, na ndipo akaniuliza nimeona nini.

Jumapili nilipanda gari kwenda Likasi. Alikuwa kivulini mwa nyumba yake, anachambua maharage kwa vidole, karibu bila kuyatazama. Nikamwekea kopo mapajani. Akalipapasa, akajua ni nini, akacheka kicheko kidogo.

"Ulikawia," akasema. "Minye nilifikiri utaniuliza siku ya ndoa yako."

"Mama Mukubwa, ulikuwa umekwisha kuona. Sasa kwa nini uliniuliza?"

Akachambua maharage matatu, manne.

"Courant ilikuwa mu weye, mwanangu. Nilikuona. Ilikuwa haipite."

"Lakini nilisema nusu tu."

"Nusu ilitosha. Taa iliwaka."

Nikaketi mkekani, karibu na miguu yake, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nikamwambia nusu iliyobaki: mwanasesere, gauni, mafundo mawili, watoto wa jirani, na ile kiu ya maji siku baba alipouliza. Yeye aliacha maharage, akanisikiliza hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayeisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.